Jibu: Mshindi wa mnada amejitoa, nitume hela?

Mkuu uliyeniandikia kutoka Mafinga, usitume hiyo hela. Umesema ulizidiwa dau kwenye mnada wa jenereta, kisha "muuzaji" akakutafuta kwa meseji kwamba mshindi amejitoa, umrushie laki nne akupakilie mzigo kwenye basi kutoka Dar. Huo ni mtego wa siku nyingi: matapeli wanaona nani alipanda dau akakosa, wanamfuata pembeni angali na hamu. Ukilipa nje ya tovuti ya mnada, ulinzi wake haukuhusu tena.

Picha ya risiti ya basi isikutulize, mtu anaitengeneza kwa simu. Kama ana mali kweli, ndugu yako aliyeko Dar aende akaiwashe, aisikie inavyonguruma, ndipo alipe.

Siku ukiuza wewe, meseji ya "umepokea" hela haitoshi. Hapa Mwanjelwa, Mbeya, mtu anaweza kukabidhi simu nzima kwa meseji iliyotoka namba ya kawaida kabisa. Angalia salio kwanza, hata mteja akikuharakisha, na akikuharakisha ndiyo uangalie mara mbili.

Namba ya huyo jamaa iripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, tafadhali, kabla hajamfuata mwingine.