Mumeo Hagombani na Dawa, Anagombana na Wewe

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu ni dereva wa basi, Dar kwenda Mbeya. Mwaka jana alipimwa presha ikakutwa 170 kwa 105, akaandikiwa vidonge. Hataki kunywa. Nimemwambia kwa upole, nimemtumia klipu za madaktari, nimemwita kaka yake mkubwa, hata shehe amekuja nyumbani. Siku za mapumziko anavimeza bila neno, ila akirudi safari nakuta pakiti haijaguswa. Juzi nilimwambia mbele ya wageni, "sikio la kufa halisikii dawa." Akanyanyuka, akatoka. Sasa hata za nyumbani kagoma. Mkaidi kama mama yake. Nifanyeje asinifie? Mama Zuhra, Morogoro.*

Marahaba, mwanangu, na pole. Presha si ya kuchezea: haiumi, haiwashi, mtu anajiona mzima mpaka siku kiharusi kinapomwangusha. Hapo una haki ya kuogopa. Pole yangu inaishia hapo.

Unasema umemwambia kwa upole. Upole gani huo wenye kaka mtu, shehe na methali ya msiba mbele ya wageni? Mwanamume aliyekabidhiwa roho za basi zima umemtangazia kifo sebuleni kwake, sahani ya pilau ikiwa mkononi. Ningekuwa mimi, ningetoka pia. Na mkweo umemtaja wa nini? Mama wa watu hakuwepo, dawa si yake, presha si yake. Ukishaanza kutafuta ukaidi wa mume kwenye ukoo wake, ujue hoja zimekuishia.

Sasa rudi kwenye barua yako uisome kama vile imeandikwa na jirani. Siku za mapumziko anavimeza bila neno. Akisafiri, hagusi. Mkaidi hachagui siku, mwanangu. Huyo ana sababu. Baadhi ya vidonge vya presha hufanya kazi kwa kutoa maji mwilini, na anayevinywa huenda haja ndogo mara kwa mara. Abiria akibanwa, anamwomba konda, basi likisimama anachimba dawa. Dereva je? Atasimamisha basi mara ngapi, huku ratiba inamkimbiza na abiria wananung'unika? Atashuka pale katikati ya Mikumi, kwenye zile kilomita 50 hivi za mbugani ambako si mahali pa kushuka garini? Kama alipewa vidonge vya namna hiyo, kila safari anachagua kati ya presha yake na kazi inayowalisha.

Tena kuna vidonge ambavyo huwapunguzia baadhi ya wanaume nguvu za chumbani. Hilo hatalisema mbele ya kaka yake, wala mbele ya shehe. Angelisema kwako, kama ungemuuliza. Barua nzima nimeitafuta sehemu uliyomuuliza kwa nini, sikuiona. Umehubiri, umeshtaki, umeleta mashahidi. Kuuliza, bado.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Brehm, alieleza kwamba mtu akihisi uhuru wake wa kuchagua unachukuliwa, huupigania, hata kama kile anacholazimishwa kina faida naye. Ndiyo maana baada ya ile methali yako hata vidonge vya nyumbani kagoma. Mwanzo alikuwa na tatizo la safari. Sasa ana heshima ya kulinda.

Na hizo klipu! Miaka ya 1960 mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, William McGuire, aliwachukua watu wenye imani ambazo hakuna anayezibishia, kama kupiga mswaki, akawapa hoja dhaifu za kuzipinga pamoja na majibu yake. Waliozoea kujibu hoja dhaifu ndio waliosimama imara zaidi zilipokuja hoja kali, kuliko wale waliosifiwa tu imani yao. Mwenyewe aliifananisha na chanjo: unapewa kijidudu kilichodhoofishwa, mwili unajifunza kupigana. Ndivyo ulivyomfanyia mumeo. Leo klipu ya kitunguu saumu, kesho ya mtu aliyevaa koti jeupe anayepiga kelele, keshokutwa ya maiti. Kila moja ameiona ina kasoro, akaicheka moyoni, akaifuta. Umemchanja vizuri. Sasa hata daktari wa kweli akisema, majibu anayo tayari.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha. Mke na mume wanalala kitanda kimoja, lakini ushauri unapita kwenye simu, na ugonjwa wa baba unajadiliwa kwenye grupu la ukoo kabla mwenyewe hajaamka. Bibi zetu hawakuwa na digrii ya saikolojia, lakini walijua neno zito lina saa yake, taa ikishazimwa, wawili tu. Waliposema maneno matamu humtoa nyoka pangoni, walikuwa wameshayatumia. Leo tunataka kushinda hoja, tena tushinde mbele ya watu. Ukimshinda mumeo mbele ya watu, umepata nini?

Mwaka 1993 mwanasaikolojia William Miller na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti kwa watu wenye shida ya pombe: kadiri mshauri alivyombana mtu, ndivyo mtu yule alivyokuwa anakunywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Njia ya Miller ni kumwacha mtu aseme mwenyewe kwa nini angependa kubadilika, wewe ukisikiliza.

Kwa hiyo, kwanza muombe radhi kwa ile methali. Usiongeze "lakini". Kaka yake mwambie suala limerudi nyumbani. Kisha, siku ambayo hasafiri, muulize: "Baba Zuhra, hivi vidonge vinakusumbuaje ukiwa njiani?" Unyamaze. Akikaa kimya, vumilia. Mwambie uamuzi ni wake, na uwe unamaanisha.

Akisema ni mkojo au ni chumbani, dawa za presha ziko za aina nyingi, na saa ya kumeza nayo inaweza kupangwa. Hayo ni ya daktari, msibadilishe wenyewe. Lakini akilalamika kichwa kinapasuka, macho hayaoni vizuri, mdomo umepinda au mkono umekufa ganzi, hapo hakuna mazungumzo, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Kliniki nendeni wote wawili, ila daktari akiuliza, ajibu mwenyewe.

Shangazi