Maswali na Majibu: Kumshtaki Mtawala Aliyekimbilia Nchi Nyingine

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kama kiongozi aliyewatesa na kuwaua watu wake, kisha akakimbilia ugenini, anaweza kuhukumiwa huko huko alikojificha. Majibu yangu yanaegemea zaidi kesi ya Hissène Habré, aliyeitawala Chad kuanzia 1982 hadi 1990 kisha akakimbilia Senegal, kwa kuwa ni kesi iliyoanza na kumalizika katika ardhi ya Afrika, na kwa kuwa naona uchungu kwamba wengi wetu hatuijui.

Senegal ilipata wapi mamlaka ya kumhukumu mtu kwa makosa aliyowatendea Wachad huko Chad? (Msomaji, Dodoma)

Kwa kawaida nchi hushtaki makosa yaliyotendeka ndani ya mipaka yake. Utesaji haumo katika kanuni hiyo, kwa sababu Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Utesaji wa mwaka 1984 unaitaka kila nchi mwanachama, mtuhumiwa akionekana kwake, imfikishe mbele ya waendesha mashtaka wake au imkabidhi kwa nchi inayomtaka. Senegal ilikuwa imeuridhia mkataba huo, lakini mwaka 2001 mahakama yake ya juu ilisema kuwa sheria za ndani hazikuwapa majaji uwezo wa kusikiliza makosa yaliyotendwa nje na mgeni. Sheria hizo zilirekebishwa mwaka 2007. Hata hivyo, miaka ikazidi kupita bila kesi, mpaka tarehe 20 Julai 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoamua, katika shauri lililofunguliwa na Ubelgiji, kwamba Senegal ilikuwa imevunja wajibu wake na ilipaswa kumshtaki Habré bila kukawia iwapo haimkabidhi.

Kwa nini hakurejeshwa Chad, au kupelekwa Ubelgiji kama ilivyoombwa? (Msomaji, Mombasa)

Chad ilikuwa imemhukumu kifo mwaka 2008 bila yeye kuwapo mahakamani, na mkataba huo huo unakataza kumpeleka mtu mahali ambapo kuna sababu za msingi za kuamini kwamba atateswa. Mwaka 2011 serikali ya Dakar ilipotangaza ghafla kwamba ingemrudisha N'Djamena, mji mkuu wa Chad, Umoja wa Mataifa ulipinga na safari ikafutwa. Naona pingamizi hilo lilikuwa sahihi, kwa sababu anayedai haki kwa walioteswa hawezi kukubali mtuhumiwa naye akateswe.

Ubelgiji ilitoa hati ya kumkamata mwaka 2005, kwa kuwa baadhi ya walalamikaji walikuwa raia wake wenye asili ya Chad, lakini maombi yake hayakufaulu. Mwaka 2006 Umoja wa Afrika uliitaka Senegal imhukumu kwa niaba ya Afrika. Hatimaye, baada ya Macky Sall kuingia madarakani mwaka 2012, Senegal na Umoja wa Afrika walikubaliana kuunda mahakama maalumu mjini Dakar, iliyoongozwa wakati wa kesi na jaji kutoka Burkina Faso, Gberdao Gustave Kam.

Ushahidi unapatikanaje baada ya zaidi ya miaka ishirini? (Msomaji, Morogoro)

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake linawahusu watu wasio na cheo. Souleymane Guengueng alikuwa mhasibu aliyekamatwa mwaka 1988 na kufungwa zaidi ya miaka miwili, akiwaona wenzake wakifa mmoja baada ya mwingine. Huko gerezani aliapa kwamba akitoka hai ataitafuta haki. Alipotoka aliwashawishi manusura wenzake waliojaa hofu wasimulie yaliyowapata, akakusanya maelezo ya watu 792, akayaficha nyumbani kwake mpaka wakati ulipofika.

Kisha mwaka 2001, katika jengo lililoachwa la Idara ya Nyaraka na Usalama, yaani polisi wa siri wa Habré, watafiti wa shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch walikuta maelfu ya karatasi zimetapakaa sakafuni. Zilitaja majina ya watu zaidi ya 12,000 waliotendewa maovu, 1,208 kati yao wakiwa wamefia kizuizini. Karatasi moja ina uzito wa pekee. Shirika la Msalaba Mwekundu lilikuwa limeomba wafungwa wa vita waliougua wapelekwe hospitali, na pembeni ya ombi hilo kuna maandishi ya mkono yanayoamuru kwamba tangu sasa hakuna mfungwa wa vita atakayetoka kizuizini isipokuwa amekufa. Mtaalamu wa miandiko alithibitisha mahakamani kwamba huo ni mwandiko wa Habré mwenyewe.

Mashahidi zaidi ya 90 walisikilizwa. Walieleza pia kuhusu gereza la Piscine, bwawa la kuogelea la enzi za Wafaransa lililofunikwa kwa zege na kugawanywa vyumba vya mahabusu. Tarehe 30 Mei 2016 Habré alihukumiwa kifungo cha maisha.

Mbona Idi Amin hakushtakiwa? (Msomaji, Kampala)

Alipewa hifadhi na Saudi Arabia na akafia Jeddah mwaka 2003. Mkataba wa 1984 haukuwapo alipokuwa madarakani, na Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu hushughulikia tu makosa ya kuanzia Julai 2002. Kilichokosekana zaidi, kwa maoni yangu, ni serikali iliyotaka kweli kumfikisha kizimbani.

Je, kinga ya urais haimlindi? (Msomaji, Bukavu)

Inamlinda aliyepo madarakani dhidi ya mahakama za nchi nyingine. Ubelgiji ilipotoa hati dhidi ya Yerodia Ndombasi akiwa waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru mwaka 2002 kwamba ifutwe. Aliyestaafu ana ulinzi mdogo zaidi. Majaji wa Uingereza waliamua mwaka 1999 kwamba Augusto Pinochet, aliyekuwa mtawala wa Chile na aliyekamatwa London kwa ombi la Hispania, hakuwa na kinga kwa utesaji uliotendwa baada ya nchi hizo tatu kuridhia mkataba, ingawa mwaka uliofuata aliachiwa kwa sababu za afya.

Waathirika walilipwa? (Msomaji, Arusha)

Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliagiza fidia ya takribani faranga bilioni 82 za CFA kwa waathirika 7,396. Habré alifariki mwaka 2021 akiwa bado anatumikia kifungo. Mwaka 2024 serikali ya Chad ilianza kuwagawia manusura fedha kiasi, ambazo ni sehemu ndogo tu ya walichostahili. Wengi wameshazeeka na wengine wamefariki wakisubiri. Umoja wa Afrika, uliokabidhiwa jukumu la mfuko wa fidia hiyo, unadaiwa na watu hawa.