Hiyo shilingi ya ukingo mnene usiinunue, mimi ilinila laki tatu na themanini

Mkuu usitume hela. Kama ushatuma nusu basi hiyo nusu iliyobaki isitoke. Nimesoma uzi wako, umeletewa hapo Bagamoyo shilingi ya simba ya mkoloni ya 1924, ndogo kuliko wenzake, ukingo wake mnene umesimama kama wa sinia, muuzaji anakwambia ni kosa la kiwandani na zipo chache dunia nzima, anataka laki tatu, na wewe unauliza ukingo wa sarafu unatokeaje kiwandani, uisafishe na nini na uiuze wapi. Hiyo hadithi naijua neno kwa neno. Niliuziwa mimi hapa Tanga, Ngamiani, miaka minne iliyopita, mpaka hilo la "zipo chache dunia nzima" nililisikia hivyo hivyo.

Nilitoa laki tatu na themanini, hela ya mabati ya nyumba ya mama, na yule bwana alinimaliza kwa kitu kimoja, mizani. Shilingi ile ya kawaida ni gramu 7.8 hivi, akaiweka yake ikasoma 7.7, akaniangalia akasema ingekuwa imechezewa si ingepungua uzito? Nikaona kweli. Sikujiuliza swali la pili. Nilipomwambia mbona pembeni haina meno, ile mistari midogo ya ubavuni, akanitolea hela za Tabora, zile heller 20 za Wajerumani zilizogongwa wakati wa vita 1916, akasema si unaona hizi nazo zimekaa vibaya na watu wanazigombania? Ni kweli za Tabora zimekaa vibaya, zilitengenezwa kwa shida katikati ya vita. Lakini shilingi ya 1924 imegongwa Uingereza kwenye mashine za maana, vita imeisha zamani, Tabora inaingiaje hapo! Na kwenye grupu letu la WhatsApp kuna mmoja tulikuwa tunamwita mtaalamu, nilimtumia picha, akajibu "chukua hiyo haraka". Picha moja tu, hakuuliza hata kipenyo. Huyo mpaka leo sijamsamehe, muuzaji anatafuta riziki yake ila wewe uliyeulizwa kwa nia njema unajibu kitu usichokijua kwa nini?

Nilikuja kujua ukweli kwa sonara mmoja mzee hapa mjini, nilimpelekea anipimie fedha kwa sababu shilingi za miaka ile zina robo ya madini ya fedha. Aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza ubavu, hakuangalia hata simba, akaniambia mwanangu hii ni pete haijamalizika. Nikabisha. Hakubishana na mimi, akatoa kwenye kopo shilingi nyingine mbovu, akaisimamisha wima juu ya kifuawe kidogo, akawa anaigonga ubavuni kwa nyundo ndogo, tik tik tik, anaizungusha kidogo anagonga, anaizungusha anagonga. Ndani ya dakika kama ishirini meno ya ubavuni yamelala yote, ukingo umeanza kuvimba pande mbili, na sarafu imepungua upana. Akaiweka karibu na yangu. Mapacha. Zamani, anasema, vijana walikuwa wanazigonga hivyo hivyo kwa mgongo wa kijiko wamekaa barazani, ukingo ukishanenepa unatoboa katikati unavaa. Ndo maana uzito hauondoki, hakuna chuma kilichokatwa, kimesukumwa tu kutoka nje kwenda ndani. Ukiiweka chini ya lenzi unaona ubavuni kuna visehemu bapa vidogo vidogo, kila kimoja ni pigo la nyundo, na maandishi ya pembeni yamemezwa na ukingo nusu herufi.

Sasa shika hili hata kama mengine utayasahau, SARAFU HAISINYAI KIWANDANI. Wanakata kisahani kitupu kwenye bamba la chuma, wanakichoma kilainike, halafu kinapitishwa kwenye mashine yenye mfereji unaozidi kuwa mwembamba, kinabingirika humo na pembe zake zinabanwa zinanyanyuka, huo ndo ukingo wa mwanzo. Baada ya hapo kinaingia kati ya mihuri miwili ya chuma, mmoja juu mmoja chini, na kuzunguka pembeni kuna pete ya chuma wanaiita kola. Mihuri ikibana mara moja chuma kinatiririka kama unga uliokandwa, kinajaza picha, kinajaza ukingo, na kikigota kwenye kola kinapata yale meno ya ubavuni. Kola ndo inayoamua upana. Kola isipokaa sawa sarafu inatanuka, inakuwa KUBWA na bapa, haina meno na ukingo wake hafifu. Kikiingia kisahani cha sarafu nyingine ndogo, kweli inatoka ndogo ila picha inakatika pembeni na uzito unashuka. Ndogo, nzito vile vile, picha imebanana ndani na ukingo mnene, hiyo ni nyundo. Hakuna mashine ya kutengeneza hela inayofanya hivyo.

Ila mkuu laki tatu na themanini si ndo inayoniuma zaidi. Bei yake ilikuwa laki nne, nikapungukiwa elfu ishirini, nikamwongezea senti 20 yangu ya mbuni, ile ya Nyerere, niliyokaa nayo tangu nasoma. Ilikuwa na donge pembeni, chuma laini kimevimba kimefunika ukingo na kipande cha maandishi, mimi nikijua imeungua moto au imedondokewa na kitu. Yule bwana aliipokea haraka mno, akaitia mfuko wa shati, sio kwenye boksi lake. Mwaka mzima baadaye ndo najifunza kwamba lile donge ni muhuri uliomeguka! Muhuri ukivunjika pembeni linabaki shimo, chuma cha sarafu kinaingia humo, kwa hiyo kwenye sarafu linatoka donge lililoinuka, na nyuma yake mkabala na donge picha inakuwa hafifu kwa sababu chuma kimekimbilia kwenye shimo badala ya kujaza upande ule. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, nakumbuka kabisa, nilikuwa najiuliza kwa nini nyuma pale pamefutika na pengine pote pako safi. Yani nilimpa kosa la kiwandani la kweli ili anipe pete isiyomalizika. Na alijua. Mtu asiyejua hapokei senti 20 kwa elfu ishirini bila hata kubishana bei.

Kwa hiyo kilichoharibika kwenye muhuri kinatokea kwenye sarafu kikiwa kimeinuka, ufa wa muhuri unatoka kama uzi wa chuma uliosimama. Ukipapasa kwa kucha ukakuta mfereji, pameingia ndani, hapo mara nyingi ujue mtu amekwaruza huku mtaani. Hata zile sarafu zilizotoka kiwandani na pengo pembeni watu wanaziigiza kwa kupiga tupa, ya kweli ukiangalia ng'ambo ya pili mkabala na pengo mara nyingi ukingo unafifia, maana kwenye ile mashine ya kunyanyua ukingo kisahani chenye pengo hakibanwi vizuri, ya tupa ukingo wa ng'ambo uko mzima kabisa.

Kesho nenda na kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, kama huna azima kwa mafundi wa lethi, hata rula ya shule inatosha kwa tofauti kubwa kama hiyo. Shilingi ile inatakiwa iwe karibu milimita 28. Yangu ilisoma 24 na nusu. Tafuta shilingi nyingine ya simba ya kawaida, hata iliyochakaa, zisimamishe zote mbili ubavu kwa ubavu mbele ya muuzaji, na umwangalie usoni wakati unapima. Na kama ana senti 20 ya mbuni yenye donge pembeni, usimwambie kitu, piga picha mbele na nyuma unitumie PM usiku huo huo.