Nijitazamie Mwenyewe, au Ni Mwiko?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Manchester. Karata za taroti nilianza kwa kuchezacheza tu zamu za usiku. Siku hizi wenzangu wananifuata niwatazamie, na wanasema napatia. Sasa mume wangu, aliyebaki Tanga, anataka nirudi na akiba yangu yote tufungue duka la vifaa vya ujenzi. Nikajilazia karata kumi. Mahali pa mwisho, pa matokeo ya jambo, ikatoka Panga Nane. Sikuridhika, nikachanga upya, likatoka Jua, karata ya furaha. Mwenzangu mmoja kaniambia kujitazamia ni mwiko tangu enzi za Mafarao, eti karata hukasirika zikadanganya. Ni kweli? Na nishike ipi?
Mwana wa Chumbageni, Manchester

JIBU: Marahaba, mwanangu. Na nyinyi mtakaoniandikia kwamba ramli ni haramu, barua zenu za mara iliyopita zimefika zote. Huyu kauliza jingine.

Mafarao tuwaache walale. Karata hizi zilianza kaskazini mwa Italia karne ya 15, na kazi yake ilikuwa mchezo, watu wakishindana kama wazee wetu barazani. Habari za Misri aliandika Mfaransa mmoja, Court de Gébelin, mwaka 1781, wakati Ulaya nzima hakuna aliyejua kusoma maandishi ya Misri ya kale. Basi mwiko huo umri wake mdogo kuliko unavyoambiwa. Na karata haikasiriki, mwanangu, ni karatasi iliyopigwa chapa.

Hata hivyo waliosema mganga hajigangi walikuwa wamewaona waganga. Ukimtazamia mtu, nusu ya kazi haiko kwenye karata. Unafunua, unamwona anameza mate, anaichezea pete, anacheka pasipochekesha, nawe unajua pa kuuliza. Akibisha unamrudisha kwenye picha. Ukiwa peke yako nani atakubishia? Kumi hizo ulizolaza, ya tisa ni mahali pa matumaini na hofu za mwenye swali. Anayejitazamia akiwa na roho juu, zote kumi huzisoma kama ya tisa.

Uliza swali moja, pokea jibu moja. Ya kwanza ndiyo yako. Jua lilikuja baada ya wewe kukataa, na ungeendelea kuchanga mpaka alfajiri ungepata kila unachokitaka, maana zimo 78 na nzuri hazikosekani.

Sasa itoe hiyo Panga Nane uiweke chini ya taa. Najua unazo zile alizochora Pamela Colman Smith zikatoka London mwaka 1909, karibu kila anayeanza huko anazo hizo. Mwanamke kafungwa kitambaa machoni, mikono imebanwa mwilini, kasimama kwenye tope, panga zimechomekwa nyuma na ubavuni mwake. Umeona ngome kule mbali, umeogopa, ukafunika. Hukutazama miguu. Haikufungwa! Na mbele yake hakuna upanga hata mmoja. Angetokewa na karata hiyo dada wa zamu yako, ungemwuliza, "Nani kakufunga?" kisha ungenyamaza umwache aseme. Mwenyewe hukujiuliza. Mimi nakuuliza: ni mume, ni duka, au ni hiyo Manchester?

Maana barua yako nimeirudia, na hakuna mahali umesema kama wewe unataka kurudi.

Mimi hujitazamia, sikufichi. Asubuhi kabla ya chai nafunua moja, naandika maneno mawili matatu kwenye daftari, jioni naangalia siku ilikwendaje. Hivyo ndivyo mkono unavyozoea karata. Lakini mambo ya ndoa, nyumba, ugonjwa na fedha kubwa nampelekea shoga yangu mmoja, naye ya kwake ananiletea mimi. Ada ni mahamri na birika la chai. Namchagua yeye kwa sababu hawajui wakwe zangu wala hawaonei huruma. Mwaka jana nilimwendea na jambo la kiwanja, akafunua, akanitazama, akaniambia, "Wewe umeshaamua, umekuja kutafuta shahidi." Nilikasirika mpaka mahamri yakapoa, lakini peke yangu nisingeambiwa hayo.

Ukishindwa kujizuia, basi andika swali kwa kalamu kabla hujagusa karata, utamke maana ya kila moja kwa sauti kana kwamba mbele yako amekaa mgeni, kisha zifungie kabatini mpaka jambo lenyewe lipite. Na usikimbilie kitabu kutafuta maana laini zaidi ya ile unayowapa wenzako.

Halafu kuna mambo ya kuulizwa watu. Waite, aliyemwagiza Pamela michoro hiyo, alifundisha kumchagulia mwenye swali karata ya kumwakilisha kwa rangi ya nywele na macho, na kwa kanuni yake weusi wa nywele wote ni watu wa Sarafu, lile kundi la karata za fedha na biashara. Kwa hesabu hiyo Tanga nzima ni wafanyabiashara! Usimwamini. Mwombe mumeo akuandikie kodi ya fremu, bei ya saruji na mabati anayonunulia na atakayouzia, leseni itakuwa kwa jina la nani, na kwa nini iwe akiba yote na si nusu. Akikasirika kwa kuulizwa hayo, hilo nalo ni jibu, na hukuhitaji kufunua kitu.

Huko ukikosa mtu wa kukutazamia, niandikie tena kwa anwani ya jarida. Swali moja, mstari mmoja, na usiniambie unatamani jibu gani. Nitakujibu kwa barua, si hapa.