Kabla ya kufungiwa kitambuzi cha rada ndani ya gari, mchunguze fundi

Gari halikuwaka. Nilikuwa nimeliacha siku tatu, nikarudi na begi mkononi, nikazungusha ufunguo, nikasikia ule mlio wa tik-tik-tik ambao kila mwenye gari anaujua na kuuchukia. Betri haikuwa na hata mwaka. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu: wiki moja nyuma nilikuwa nimefungiwa kitambuzi cha rada, kifaa kinachomlilia dereva mbele kukiwa na rada ya trafiki ya kupima mwendo, tena kile kinachojengewa ndani kabisa ya gari, na fundi aliyeniambia, "Bosi, hii ni kazi ya nusu saa."

Kazi hiyo ikifanywa sawasawa inakula karibu siku nzima. Hilo nimelijua kwa fundi wa pili, na mengi ninayoandika hapa niliyapata nikiwa nimeketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, namtazama akifumua kazi ya mwenzake.

Tuanze na sheria, maana ukikosea hapa hayo mengine hayana faida. Vifaa hivi si halali kila mahali. Ufaransa hairuhusu hata kuwa nacho ndani ya gari. Ujerumani, dereva haruhusiwi kukitumia akiwa barabarani. Marekani, majimbo karibu yote yanakiruhusu kwenye gari binafsi, ila Virginia na mji mkuu Washington wanakataza, na magari makubwa ya biashara yamekatazwa nchi nzima. Kanada inategemea umo mkoa gani. Ontario hata kukibeba ni kosa. Kile cha kubandika kiooni unaweza ukakiacha nyumbani siku ya safari. Hiki cha kujengewa kinasafiri na wewe utake usitake, na kukizima hakukusaidii mahali ambapo kosa ni kuwa nacho. Kama kazi yako inakuvusha mipaka mara kwa mara, mimi ningekushauri uachane nacho kabisa.

Sasa, kwa nini mimi nilikitaka? Si kwa ajili ya kukimbia. Kioo cha mbele cha gari langu kina utando mwembamba wa metali ndani yake wa kuzuia joto, na utando huo unayarudisha mawimbi ya rada kama kioo cha kujitazamia kinavyorudisha mwanga. Kitambuzi cha kubandika nilichokuwa nacho kilikuwa kama mlinzi aliyezibwa masikio: mpaka kilie, trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo alishanipima na kunisahau. Kuna magari yenye kioo cha aina hii ambayo yameachiwa kidirisha kidogo kisicho na utando karibu na kioo cha kutazama nyuma, na ukibandika hapo mambo yanaenda vizuri. Likague lako kwanza. Huenda huhitaji kufungua bampa ili ufungiwe cha ndani.

Sababu ya pili ni wezi. Ile alama ya duara inayoachwa kiooni na kinyonyeo inamwambia mwizi kwamba kuna kitu kimefichwa kwenye droo ya dashibodi. Na waya unaoning'inia mpaka kwenye kiberiti cha gari, sitaki hata kuuzungumzia.

Ni vizuri ujue kitu chenyewe kinafanyaje, kwa sababu hapo ndipo utakapoelewa kwa nini mahali kinapofungwa panazidi ukubwa wa jina la kampuni. Tochi ya trafiki inarusha mawimbi ya redio. Yakigonga gari linalokuja, yanarudi yakiwa na masafa, yaani mitetemo kwa sekunde, yaliyopanda kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachogeuzwa kuwa mwendo. Kwa tochi ya gigahezi 24.15, kila kilometa moja kwa saa inaongeza karibu hezi 45. Ukija na mwendo wa 100, yanarudi yamepanda kama hezi 4,470. Kitambuzi chako hakipimi chochote katika hayo. Kinatega sikio tu. Ushindi wake ni mmoja: mawimbi yanakufikia wewe kwa safari ya kwenda, lakini mwenye tochi anahitaji yaende na kurudi, na yanayorudi ni hafifu mno. Ndiyo maana kitambuzi kinaweza kusikia ukiwa bado mbali na pale ambapo tochi ingeweza kukusoma. Ukikiwekea chuma mbele, umeutupa ushindi huo wote.

Na hicho ndicho alichokifanya fundi wa kwanza. Antena, kijisanduku kama pakiti ya kadi hivi, aliifunga nyuma ya kibao cha namba. Kibao ni bati. Fundi wa pili alipofungua bampa alicheka kwanza, halafu akaniita nikaone. Akagonga kwa kucha, ngo ngo, bati. Akasogeza kidole akagonga plastiki ya shoo, ikatoa mlio mwingine. "Kaka, mawimbi yanapita hapa," akasema, "hapa hayapiti. Mwenzangu aliangalia penye nafasi, hakuangalia penye njia."

Plastiki ya kawaida si tatizo. Chuma, alumini, kibao cha namba na urembo wa kromu ni tatizo. Nyuma ya bampa nyingi kuna boriti ya kukinga ajali, nayo ni ya chuma au alumini, kwa hiyo antena inakaa juu yake au chini yake, kamwe isikae nyuma yake. Isikae pia usoni pa rejeta ikaziba hewa na kuokwa na joto. Kama gari lako lina rada yake lenyewe, ile inayolinda umbali na gari la mbele, mara nyingi iko nyuma ya nembo au chini katikati ya bampa; hiyo inatumia masafa ya gigahezi 76 mpaka 77 na haigombani na kitambuzi, lakini ukiiwekea kitu mbele yake au ukaigusa ikapinda, taa za onyo zitakuwakia na italazimu ipangwe upya kwa mashine.

Kitu kilichonifurahisha zaidi siku ile kilikuwa pima maji. Pima maji ya seremala, ile fupi. Alilipeleka gari kwenye sakafu iliyo sawa, akaiweka pima maji juu ya antena, akakaza bolti moja, akatazama povu, akalegeza, akatia kishikizo chembamba chini, akatazama tena. Antena ikiinama inasikiliza lami. Ikiinuka inasikiliza ndege. Kazi hiyo tu ilimchukua kama dakika ishirini, na mimi nikaelewa kwa nini ile ya nusu saa haikuwezekana kuwa kazi.

Tuje kwenye umeme, maana ndiko betri yangu ilikofia. Kitambuzi kinatakiwa kichukue umeme kwenye fyuzi inayowaka ufunguo ukiwashwa na kuzimika ukizimwa. Mimi nilifungiwa kwenye umeme wa moja kwa moja, ule wa saa zote. Fundi wa pili alipima: karibu robo ya ampea, usiku na mchana. Piga hesabu. Robo ampea kwa saa 72 ni ampea-saa 18, na betri yangu ni ya 45. Ongeza kengele ya wizi na kompyuta za gari zenyewe, na ule mlio wa tik-tik unapata maelezo.

Mwambie fundi wako atumie kile kichipukizi cha fyuzi, kinachochomekwa mahali pa fyuzi ya zamani na kubeba fyuzi mbili, moja ya kazi ya mwanzo na nyingine ndogo ya kifaa chako. Asikate waya wa gari akauchubua na kuufunga tepu. Na asiguse fyuzi ya mifuko ya hewa, ya breki wala ya injini; achukue ya kitu ambacho kikizimika safarini hutakufa, kama vile soketi ya kuchajia. Waya wa asi, ule wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari, uende kwenye bolti ya bodi iliyokwanguliwa rangi. Asi mbovu ndiyo mama wa zile kelele ambazo watu wanasingizia kifaa.

Nyaya zinazotoka kwenye boneti kuingia ndani zipite kwenye mpira uliokwisha kuwekwa na kiwanda kwenye ule ukuta wa bati, zisipite kwenye tundu jipya lisilo na mpira. Bati likipata mwezi mmoja wa mtikisiko linachuna ganda la waya, na siku hiyo waya utapiga shoti mahali ambapo hakuna anayeweza kukuonyesha. Kabla ya kuingia, waya uachwe ushuke kidogo ndipo upande, ili maji ya mvua yadondokee kwenye kitumbo hicho badala ya kufuata waya mpaka kwenye miguu yako.

Kuna sehemu moja ambayo ningekuomba usimame na kuangalia kwa macho yako mwenyewe: nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele. Waya wa antena ya setilaiti (ile ya kujua gari liko wapi) na wa kitambuzi cha nyuma mara nyingi hupitishwa huko. Kwenye magari mengi ya sasa, ndani ya nguzo hiyo umekunjwa mfuko wa hewa wa pazia. Waya ukipita mbele yake, siku ya ajali mfuko unaweza ukazuiwa au ukaufyatua waya huo kuelekea usoni pako. Upite nyuma ya mfuko, ufungwe kwenye nyaya za kiwanda zilizopo. Fundi akikwambia "haina shida" bila kukuonyesha, ondoka na gari lako. Nasema hivyo bila kupunguza ukali. Na betri ifunguliwe kabla ya kugusa plagi yoyote ya rangi ya njano sehemu hizo. Njano ndiyo rangi ambayo viwanda vingi huipa mifumo ya mifuko ya hewa.

Kuhusu leza nitakuwa mfupi. Seti nyingi za kujengewa huja na macho ya leza ya kufunga kwenye shoo. Haya hayapiti plastiki. Lazima yaone nje, na yanataka kufutwa matope. Lakini tochi ya leza ina mwali mwembamba sana, upana wa kama mita moja ukiwa mita 300, na kwa kawaida unapolengwa wewe ndiye uliyekusudiwa. Kikilia, umeshapimwa. Kuna vifaa vinavyorusha mwanga wa kuivuruga leza. Hivyo ni habari nyingine kisheria, na hata penye ruhusa ya kutambua, kuvuruga mara nyingi ni kosa. Mimi sikuvifunga.

Pia kuna kamera ambazo hakuna kitambuzi kinachozisikia kwa sababu hazirushi chochote: zile zinazopiga picha namba yako sehemu mbili za barabara na kugawanya umbali kwa muda. Ndiyo kazi ya antena ya setilaiti kwenye seti hizi, kukukumbusha kamera za kudumu zilizomo kwenye orodha yake. Orodha isiposasishwa inazeeka upesi.

Kero kubwa itakuwa makelele ya uongo. Milango ya maduka inayojifungua yenyewe hutumia masafa yale yale ya gigahezi 24, na magari mengi yenye kutambua chombo kilicho ubavuni yanafanya vivyo hivyo, hivyo foleni moja tu inaweza kukufanya utamani kuking'oa. Wiki ya kwanza kipya kinyemi, wiki ya pili unakizima. Vitambuzi vizuri vinajifunza: ukipita mlango ule ule mara kadhaa kinakariri mahali pake na kunyamaza. Kivumilie muda huo. Na mwambie fundi kile kitufe cha kunyamazisha akiweke mahali mkono wako unapokifikia bila macho kutoka barabarani. Changu kilikuwa chini ya usukani upande wa goti, na nilikuwa nakibonyeza kwa kubahatisha huku nikiwasha wiper bila kukusudia.

Siku ya kuchukua gari usisaini wala usishukuru mpaka umewasha injini, ukapiga honi, ukageuza usukani kotekote na kuona kama kuna taa ya onyo iliyobaki. Fungua boneti uhesabu vifungo vya plastiki. Vinavyokosekana vimo mfukoni mwa mtu au vimevunjika. Omba apime umeme unaotumika gari likiwa limelala, milango imefungwa, baada ya kusubiri kompyuta zizimike, hata kama ni nusu saa au zaidi. Chini ya miliampea 50 ni salama kwa magari mengi. Langu lilisoma 31.

Nilimwomba pia anichoree nyaya zilipopita. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kuimba, lakini akachora, nyuma ya karatasi ya bima, na penseli: fyuzi ipi, bolti ipi ya asi, tundu lipi. Akaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Nikarudi. Alilala chini ya bampa, akapapasa, akatoka na kibanio kimoja kilicholegea, waya umeshuka kama nusu inchi kuelekea kwenye feni ya rejeta. Akakifunga upya, akafuta mikono, akasema nisiwe na haraka, bado hajaangalia upande wa pili.