Kitenganishi cha oili kwenye injini ya ndege ya kujijengea: ushauri kwa mafundi wanaoanza Nyanda za Juu Kusini

Wengi wenu mnaoanza kujenga ndege ndogo huku Mbeya, Iringa na Njombe mmetoka kwenye gereji za magari, na hilo ni jambo jema, kwa kuwa mkono uliokwisha kuzoea spana hufundishika haraka. Ipo lakini kazi moja ambayo mazoea ya gari huipotosha, nayo ni njia ya injini kupumulia, ambayo mafundi tunaiita briza, pamoja na kitenganishi cha oili kinachofungwa kwenye njia hiyo ili tumbo la ndege lisitapakae oili. Kazi hii huachwa hadi mwisho, baada ya rangi, kana kwamba ni suala la usafi tu. Mimi nasema ni suala la uhai wa injini, kwa sababu kifaa chochote mnachokiweka kwenye briza ni kifaa kinachoweza kuiziba.

Injini ya pistoni, hata ikiwa mpya, haiwezi kuibakiza gesi yote ya mwako juu ya pistoni. Kila silinda inapowaka, sehemu ndogo ya gesi hupenya kati ya ringi na ukuta wa silinda na kushuka kwenye tumbo la injini, mahali krenkishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, inapozungukia. Gesi hiyo hubeba mvuke wa maji, kwa kuwa petroli ikiungua huzaa maji, hubeba pia asidi na mabaki ya petroli, na inapokutana na oili inayorushwa na krenkishafti huwa ukungu wa oili. Briza ndiyo mlango wake wa kutokea. Mlango ukizibwa, shinikizo hupanda mpaka litafute mahali dhaifu, na kwenye injini kama Lycoming O-320 mahali hapo ni sili ya mbele inayoizunguka krenkishafti nyuma ya propela. Sili ikisukumwa nje, oili huruka hadi kwenye kioo cha rubani, na injini inaweza kuishiwa oili ndege ikiwa bado angani.

Kwa hiyo, kabla ya kununua au kutengeneza kitenganishi, ulizeni kwanza kwa nini injini inatema oili. Mara nyingi jibu liko kwenye dipstiki, kijiti cha kupimia kiwango cha oili. Sampu ya O-320, yaani bakuli la oili chini ya injini, huchukua lita 7.5 hivi ikijazwa hadi alama ya juu, lakini injini nyingi za aina hiyo hutema haraka kile kinachozidi lita 6, kisha hutulia. Anayeijaza kila asubuhi hadi juu analipia oili ya kupaka tumbo la ndege. Shusheni kiwango kidogo kidogo, bila kukaribia kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini, na mwandike kila mara mnapoongeza. Ikiwa tatizo limekwisha hapo, mmeokoa fedha na uzito.

Ikiwa halikuisha, pimeni shinikizo la tumbo la injini. Kipimo chake ni rahisi kiasi kwamba hakuna sababu ya kukiruka: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliokunjwa kwa umbo la herufi U na kutiwa maji yenye rangi, ncha moja ikiunganishwa kwenye kifuniko cha mahali pa kujazia oili na nyingine ikiachwa wazi. Ndege ifungwe kamba, magurudumu yawekewe kabari, mtu anayejua injini akae kwenye kiti cha rubani, na mpira upitishwe nyuma, mbali kabisa na propela. Injini ikishapata joto, tofauti ya kimo cha maji kati ya mikono miwili ya mpira ndiyo shinikizo lenyewe. Sentimita 10 za maji ni karibu kilopaskali 1. Linganisheni na kikomo cha mtengenezaji wa injini yenu. Shinikizo likiwa juu kabla hata ya kufunga kitu chochote, na njia ya briza ni safi, ringi au silinda zimechoka, na kitenganishi hakitaziponya. Kitaficha tu dalili ambayo ilikuwa inawasaidia. Hifadhini namba hiyo, kwa sababu mtaipima tena baada ya kufunga.

Kitenganishi chenyewe ni kopo lenye bamba ndani. Gesi huingia, mwendo wake hupungua kwa kuwa nafasi imepanuka, matone ya oili hugonga bamba na kushuka chini, na gesi hutokea juu. Wanaotengeneza wenyewe hupenda kujaza kopo hilo stili waya ya kusugulia masufuria. Msifanye hivyo. Nyuzi zake hupata kutu kwa maji na asidi nilizozitaja, hukatika, na kama oili inarudishwa kwenye injini, nyuzi hizo hurudi nayo hadi kwenye beringi. Tumieni bamba za alumini zilizotobolewa, na mfanye hesabu ya matundu kwa makini. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 19 lina eneo la milimita za mraba 284 hivi, ilhali tundu moja la milimita 5 lina chini ya 20. Matundu 15 ndiyo yanayolingana na bomba hilo, na kwa kuwa matundu madogo hubana gesi kuliko bomba na huzibwa na uchafu mapema, mimi hutaka yasipungue 30 katika kila bamba. Hakuna mahali popote, kuanzia injini hadi ncha ya nje, panaporuhusiwa kuwa pembamba kuliko tundu la briza la injini yenyewe.

Sasa nije kwenye mpangilio wa mabomba, ambapo hali ya huku kwetu inadai uangalifu zaidi. Vitabu vya ughaibuni huonya kuhusu mvuke kuganda kwenye ncha ya bomba angani, na onyo hilo ni la kweli. Lakini kwa latitudo zetu hewa hufikia nyuzi sifuri kwenye mita 4,500 hadi 5,000 hivi, kimo ambacho ndege nyingi za kujijengea hazifiki. Hatari iliyo karibu nasi zaidi iko ardhini, alfajiri. Ndege iliyolala nje Njombe, kwenye karibu mita 2,000, au pande za Makete na Kitulo mwezi Juni na Julai, inaweza kuamka na sakitu juu ya mabawa. Ikiwa mpira wa briza umelegea na kufanya bonde, maji ya safari ya jana yamekusanyika pale, na asubuhi ni kizibo cha barafu. Rubani anawasha injini, joto la boneti bado halijafika kwenye bonde hilo, na shinikizo linaanza kupanda kabla magurudumu hayajasogea.

Dawa yake ni mteremko usiokatika. Mpira upande moja kwa moja kutoka kwenye injini hadi kwenye kitenganishi, ili chochote kinachogeuka maji au kudondoka kirudi nyuma, na bomba la kutokea lishuke moja kwa moja hadi nje. Pitisheni kidole chote chini ya mpira mzima. Mahali kidole kinaposhuka na kisha kupanda, wekeni klipu au mfupishe mpira. Bomba la kutokea likatwe mwanya mdogo ndani ya boneti, mahali penye joto, ili ncha ya nje ikiziba gesi iwe na mlango wa pili, na mwanya huo usiwe juu ya eksozi.

Kitenganishi kifungwe juu kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na chumba cha rubani, kisipigwe na hewa baridi inayoingia mbele. Kopo likiwa la baridi hufanya kazi ya mfuniko wa sufuria: mvuke ambao ungetoka nje hugeuka maji na kushuka kwenye oili. Kati ya injini na ukuta huo tumieni mpira, si bomba gumu, kwa kuwa injini hutikisika kwenye raba zake na bomba gumu litapasuka. Mpira uwe wa oili, wenye nyuzi ndani. Ule wa maji ya rejeta hulainika kwa oili na hatimaye hujikunja ukaziba.

Anayetoka kwenye gari atashawishika kuipeleka briza kwenye njia ya hewa ya kabureta, kama magari yanavyofanya. Kwenye ndege msifanye hivyo kwa kubuni wenyewe, kwani mvuke wa oili hupunguza uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo bila kugonga, na unyevu unaoongezwa kwenye kabureta ni chakula cha barafu. Ncha ya nje isielekezwe mbele ikasukumiwa upepo, wala isiwekwe mahali penye mvuto mkali, maana mvuto huo utanyonya oili.

Swali ambalo mafundi hubishana ni kuhusu kinachokusanyika chini ya kopo: kirudishwe kwenye sampu au kimwagwe? Kwa ndege inayoruka mara kwa mara, safari ndefu, oili ikifika nyuzi 80 na zaidi, kukirudisha kunakubalika, ilimradi bomba la kurudishia liingie mahali alipoidhinisha mtengenezaji na literemke lote. Ndege nyingi za kujijengea hazirukwi hivyo. Huwashwa kwa majaribio, huzunguka uwanja dakika chache, kisha hulala wiki nzima kwenye ukungu. Kwa injini ya namna hiyo, kinachoshuka ni ute wa rangi ya maziwa, maji na asidi vikiwemo, na kukirudisha ni kuilisha krenkishafti kutu. Hapo nashauri bila kusita kichupa cha alumini cha nusu lita, kilichofungwa mbali na eksozi, kinachomwagwa kila ukaguzi kwenye pipa la oili chafu.

Wenye injini ya Rotax 912 wasichukue maelezo haya yote kama yalivyo. Injini hiyo hutumia shinikizo la tumbo lake kurudishia oili kwenye tangi, na upumuaji wake hutokea kwenye tangi. Kutoboa tumbo la injini ili kuweka briza nyingine ni kuharibu mfumo.

Kabla ya kukata chochote, wasilisheni mabadiliko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania na myaingize kwenye kitabu cha kumbukumbu cha injini, pamoja na zile namba mbili za kipimo cha maji, ya kabla na ya baada. Ikiwa ya baada imepanda kwa kiasi kinachoonekana, kuna kinachobana, na ndege isiruke. Baada ya hapo, kila mnapomwaga kichupa, andikeni mlichokikuta. Maji mengi yanaonyesha kuwa injini haipewi muda wa kupata joto, na oili tupu inawarudisha kwenye dipstiki na kwenye ringi.