Muulize Anko: Rostfrei siyo kampuni, mwanangu

SWALI: Shikamoo Anko. Mimi niko Columbus, Ohio. Jumamosi nilipita kwa mzee mmoja mtaani anauza vitu vyake vya ndani, nikakuta kopo la kahawa limejaa visu vidogo vya kukunja, vile vya kuning'iniza kwenye funguo, viko 22 kwa dola 15, nikabeba vyote. Vingi vimeandikwa ROSTFREI, hiyo kampuni kila nikiigugo siielewi. Je ni mali? Na vyenye kutu nivisugue na nini? Wife anasema nimeleta takataka ndani.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkwe wangu mwambie atulie, dola 15 haijabomoa nyumba. Rostfrei siyo kampuni, ni Kijerumani, maana yake chuma kisichoshika kutu, na ukikuta Inox ni kitu hichohicho kwa Kifaransa. Wala usione aibu, mwaka wangu wa kwanza wa kukusanya visu nilikuwa najisifia kwa watu kwamba nina Rostfrei saba.

Jina la kiwanda liko pale bapa linapoingilia kwenye mpini. Fungua kisu, washa tochi ya simu uilaze ubavuni siyo juu, maandishi yatajitokeza hata kama yamelika. Ukisoma Victorinox basi ni wale wa Ibach, Uswisi, Karl Elsener alianza nao 1884, Victoria ni jina la mama yake na ile inox ndo wakaibandika 1921. Vyao vya funguo vingi vina urefu wa milimita 58 vikiwa vimefungwa: kisu, mkasi na tupa ya kucha, na kama ncha ya tupa imekuwa bapa kama bisibisi hiyo ndo aina wanayoiita SD. Angalia na vile vitundu viwili mwishoni mwa mpini, kijiti cha meno na kibanio huwa ndo vya kwanza kupotea, ila vinauzwa vipya. Ukisoma Wenger, hao ni Waswisi wengine, wa Delémont, Victorinox iliwanunua 2005 na miaka michache baadaye visu vikaacha kubeba jina lao.

Sasa mali. Kwa hela, hapana, tusidanganyane. Vimetengenezwa vingi mno, halafu baada ya Septemba 2001 abiria wa ndege wakawa wanavisalimisha pale kwenye ukaguzi, na majimbo kadhaa ya huko Marekani huvichukua na kuviuza kwa mafungu, ndo maana vya kawaida ni bei ya soda. Mimi ningeanza kuchambua vile vya matangazo, vilivyoandikwa jina la benki au bima au petroli steshen, kampuni zilikuwa zinagawa bure kwa wateja na kila kimoja kina kamji kake. Ukiona anwani ina zipu kodi (namba ya posta ya Marekani) ya tarakimu tano ujue ni cha 1963 au baada ya hapo, maana ndo mwaka zilipoanza, na namba ya simu inayoanzia na herufi mara nyingi inakupeleka nyuma zaidi. Hivyo ndo raha yake, mtu unakaa na kisu cha dola moja usiku mzima unamtafuta muuza matairi aliyefunga duka kabla hujazaliwa.

Kutu: stilwaya HAPANA, msasa HAPANA! Niliwahi kusugua kimoja mpaka kikang'aa kama kijiko cha harusi, na jina likaenda na kutu. Tia tone la mafuta ya cherehani kwenye maungio, kiache usiku, asubuhi toa uchafu kwa kijiti cha mti, fungua na kufunga taratibu, futa, rudia. Chenye mpini wa seluloidi, ile plastiki ya zamani yenye mawimbi kama lulu, ukiona imeanza kupasuka kitoe ukiweke mbali haraka, inatoa mvuke unaolisha kutu majirani zake wote na ndani ya kopo lililofunikwa ndo balaa kabisa.

Halafu ukija likizo usisahau kimoja kwenye funguo, weka kwenye begi la kupakia. Changu chekundu chenye mkasi uliolegea kilibaki kwenye uwanja wa ndege wa hukohuko kwenu, hebu kague kopo lako vizuri.